Kabla ya Baraza, Fungueni Masanduku

Mimi ni Mnubi, wa kabila dogo la Kenya lenye asili ya askari wa Kisudani, nakaa Makina, Kibera, jijini Nairobi. Kwa miaka mingi nimewasindikiza vijana wetu kutafuta kitambulisho. Ukiniuliza amani kati ya serikali na kabila dogo inajengwaje, nitakupeleka kwenye dirisha la ofisi ya vitambulisho, pale kijana anapoambiwa arudi kesho.

Anza na karatasi za ushahidi. Mwezi mmoja kabla ya baraza, yaani kikao cha jamii na serikali, pita nyumba kwa nyumba, uwaombe wazee wafungue masanduku. Kwetu kilitoka cheti cha babu cha kuachishwa uaskari wa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, kimekunjwa mara nne, kona imeliwa na mende. Piga nakala, kisha umrudishie mwenyewe mkononi siku hiyo hiyo. Kikipotea kimoja tu, hakuna atakayekufungulia tena.

Halafu andikeni lalamiko linaloshikika. "Tunabaguliwa" ni kweli, lakini halimfungi afisa yeyote. Andikeni hivi: kijana wa jirani akitimiza miaka 18 huenda na cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, wa kwetu kwa miaka mingi alipelekwa mbele ya kamati, akapigwa msasa na kuulizwa babu mzaa babu alitoka wapi. Mimi nilizungushwa miezi saba na ofisi moja. Hadi leo nikiona foleni ile moyo hunienda mbio.

Kikaoni wasiketi wazee peke yao. Mama aliyeshinda foleni na mwanawe anajua ni swali gani lililomwangusha. Afisa naye apewe muda aeleze kinachombana, maana fomu hakuitunga yeye.

Msitoke bila tarehe. Mwaka 2016 Wamakonde, kabila lenye asili ya Msumbiji lililoishi Kenya bila uraia, walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia. Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba radhi, na zaidi ya hapo akaagiza wapewe vitambulisho kufikia Desemba.

Ardhi itengewe siku yake. Mwaka 2017 tulipata hatimiliki ya jumuiya ya ekari 288, na zamani za mkoloni eneo letu lilizidi ekari 4,000. Nililia kwa furaha na kwa uchungu. Siku hiyo waiteni wapangaji wa makabila mengine. Wakisikia habari za hatimiliki mitaani tu, watadhani wanafukuzwa.

Tarehe mliyoandika ikifika, nenda dirishani na kijana mmoja na nakala ya makubaliano. Atakachojibiwa, kiandike hapo hapo, na saa yake.