Mashine ya CNC inapiga kelele: tafuta chanzo kabla ya kupunguza kasi

Mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ikianza kulia wakati wa kuchonga, mkono wa fundi hukimbilia kupunguza kasi. Usiguse bado. Kwenye uchongaji wa kasi kubwa, wakati mwingine dawa ni kuongeza. Kwanza ujue kinacholia ni nini, na simu yako inatosha kukuambia.

Hatua ya 1: Sikiliza bila kukata. Vaa kinga ya masikio, funga mlango wa mashine, inua kisu juu ya kazi, zungusha kwa kasi ileile. Zima hewa, pampu ya maji ya kupoozea na kompresa, kimoja baada ya kingine. Katwe, mtaa wa mafundi jijini Kampala, karakana zimebanana, kwa hiyo subiri grainda ya jirani inyamaze. Mlio ukibaki, chunguza beringi za spindo, mhimili unaozungusha kisu.

Hatua ya 2: Piga hesabu. Mizunguko kwa dakika mara idadi ya meno, gawanya kwa 60. Kisu cha meno 4 kwa 12,000 hugonga mara 800 kwa sekunde, yaani Hz 800. Spindo yenyewe ni Hz 200.

Hatua ya 3: Sasa kata, huku ukirekodi kwa programu ya simu inayochora masafa ya sauti. Vilele vya 800, 1,600 na 2,400 ni meno yakifanya kazi yake. Kilele kikubwa cha 200 maana yake kisu hakizunguki katikati: toa koleti (kibano kinachoshika kisu), ifute, funga upya, pima kwa geji ya saa. Lakini ukiona, tuseme, 1,150, namba isiyoingia popote kwenye hesabu, hiyo ni chata, mtetemo unaojilisha wenyewe. Pitisha ukucha kwenye kazi, utahisi mawimbi.

Hatua ya 4: Thibitisha. Shusha kasi hadi 11,000. Sauti ya meno itashuka hadi karibu 733. Chata itabaki palepale au kusogea kidogo tu. Jaribio hili ndilo ninaloliamini kuliko yote, maana sikio peke yake hudanganya.

Kisha zima mashine kabisa. Gonga ncha ya kisu taratibu kwa kipande cha mti, simu ikiwa karibu, halafu gonga kazi ikiwa bado imebanwa kwenye jiliwa. Kinachoitika karibu na 1,150 ndicho mkosaji. Kama kazi ina kuta nyembamba za alumini, mara nyingi mkosaji huwa ni hizo.

Hatua ya 5: Kama ni kazi, iegemeze. Kama ni kisu, kifupishe: kukitoa milimita 48 badala ya 60 huongeza ugumu wake karibu mara mbili (baada ya hapo rekodi upya, namba itakuwa imepanda). Kama hakifupishiki, tafuta kasi ambayo meno yatagonga sawasawa na chata: 1,150 mara 60, gawanya kwa meno 4: 17,250. Jaribu hapo, spindo na kisu vikiruhusu. La sivyo nusu yake, 8,625. Ile 12,000 ya mwanzo ilikuwa katikati ya hizo mbili, pabaya kabisa.