Kiota bandia cha kuwazuia nyigu: namna ninavyokitengeneza na kukitundika

Kabla hujakata karatasi yoyote, zunguka nyumba yako ukitazama juu: upenuni, nyuma ya fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa), kwenye pembe za baraza, juu ya fremu za madirisha. Mimi ni fundi rangi na dari hapa Tanga. Kila nikipanda ngazi, nyigu ndio ninaowaangalia kwanza, maana mtu akidungwa akiwa juu ya ngazi anaweza kuanguka, na kuanguka huumiza kuliko mwiba.

Jambo la msingi ni hili: kiota bandia kinamhusu nyigu jike anayetafuta mahali pa kujenga. Akiona pana kiota, huenda akadhani pana wenyewe, akaenda mbele. Aliyekwisha kujenga hakimhusu. Nimekuta watu wametundika mfuko wa karatasi kando ya kiota kilichojaa nyigu, wakasubiri wahame. Hawahami.

Hatua ya 1: Mjue nyigu wako

Ukiona vibomba vya udongo vimebandikwa ukutani, huyo ni nyigu wa matope. Anaishi peke yake, anajaza buibui ndani ya vibomba kwa ajili ya watoto wake, na hana haja ya kumdunga mtu asipobanwa. Kiota bandia hakifai kitu kwake. Subiri vibomba vitoboke, kisha vikwangue.

Mwenye kuleta taabu barazani ni nyigu wa karatasi. Huku wengi ni wale wenye kiuno chembamba kama uzi na miguu mirefu inayoning'inia wakiruka. Wataalamu huwaita Belonogaster. Kiota chao kiko wazi: vyumba vinatazama chini, hakuna ganda la kuvifunika, na chote kinashikwa na kikonyo kimoja chembamba.

Hapa ndipo viota bandia vya kununua vinaponitia shaka. Vingi vina umbo la puto au taa ya karatasi, kwa kuiga viota vya nyigu wa Ulaya na Marekani ambao hufunika vyumba vyao kwa ganda. Nyigu wetu hajengi hivyo. Ndiyo maana natengeneza changu.

Na kama wadudu wanaingia na kutoka kwenye tundu la ukuta au ndani ya dari, hao huenda ni nyuki. Usiwachokoze, mwite mrina asali.

Hatua ya 2: Futa alama za zamani

Hatua hii watu huiruka, nami naiona nzito kuliko kutundika kwenyewe. Kiota kitupu kikwangue kwa skrepa mpaka kikonyo kitoke chote, osha kwa maji ya sabuni, kisha paka rangi. Pembe iliyowafaa nyigu mwaka jana itawafaa na mwaka huu.

Rangi ina faida nyingine. Nyigu hutengeneza karatasi yake kwa kukwangua mbao zilizochakaa kwa jua na mvua, akazitafuna na mate. Ubao uliopakwa rangi ya mafuta hawezi kuukwangua. Ataupata kwingine, lakini si kwenye fisha bodi yako, na ubao wenyewe utadumu.

Hatua ya 3: Tengeneza kiota

Utahitaji mfuko mmoja wa kaki (tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini, Juni 1, 2019, haukosekani dukani), penseli, gundi ya karatasi au uji mzito wa unga wa ngano, kipande cha mshumaa, na waya wa kufungia nondo.

Kata vipande vya karatasi upana wa sentimita 3. Zungushia kipande kwenye penseli mara mbili, paka gundi ukingoni, kichomoe. Umepata chumba kimoja. Fanya 30 au 40. Watoto wanaipenda kazi hii, na afadhali wamjue nyigu kwa njia hiyo kuliko kwa kumrushia mawe. Ukishapata vya kutosha, vibandike ubavu kwa ubavu vikae kama sahani ndogo, midomo yote upande mmoja. Upande wa pili funika kwa karatasi ya mviringo, na katikati yake pitisha waya uwe kikonyo cha sentimita 2 hivi.

Mvua ya upepo itakiharibu usipokikinga. Yeyusha nta ya mshumaa kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiweke kopo juu ya moto moja kwa moja, kisha paka nta nyembamba kwa brashi kuukuu. Rangi yake iachwe hiyohiyo ya kaki.

Hatua ya 4: Tundika

Kikaze kwenye papi (ubao mwembamba wa kushikilia dari) au chini ya dari ya baraza, midomo ya vyumba ikitazama chini, karibu kabisa na pale ulipokwangua kiota cha zamani. Kisibembee. Kiota cha nyigu hakichezi na upepo, nacho kinachopigwa na kusi mchana kutwa kitachanika kabla ya mwezi kwisha. Mimi naweka kimoja kila mita 3 au 4.

Kuhusu wakati: kwenye nchi za baridi kali jamii nzima ya nyigu hufa, wakabaki majike wachache waliojificha, nao hutoka kujenga joto linaporudi. Huko mtu hujua siku zake za kutundika. Pwani hatuna baridi ya namna hiyo, kiota kinaweza kuanza mwezi wowote. Nawahi kabla ya masika na kabla ya vuli, kwa kuwa majani yakichipua viwavi huongezeka, na viwavi ndio chakula cha watoto wa nyigu.

Hatua ya 5: Kagua kila wiki

Usitundike ukasahau. Kwa hawa Belonogaster, majike kadhaa hukubali kujenga kiota kimoja pamoja, kwa hiyo usitarajie kila anayeona kiota atakimbia. Ukikuta vyumba vitano sita na nyigu mmoja, ngoja aondoke, ukiangushe kwa fagio refu la utando. Akirudi kujenga, rudia.

Kiota kikiwa na nyigu wengi, acha fagio. Usitumie petroli wala moto, hasa kwenye nyumba ya makuti. Kama kiko mbali na njia ya watu, mathalani kwenye mwembe nyuma ya bustani, kiache: nyigu hao wanakula viwavi wa mchicha wako. Kama kiko mlangoni, mtafute mtu mwenye mavazi ya kujikinga. Na aliyedungwa akivimba midomo au koo, akatoka vipele mwili mzima au akapumua kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Pima mwenyewe

Nyumbani kwangu nilitundika viota bandia viwili barazani, upande wa jikoni nikauacha bure, na pande zote mbili nikazikwangua na kuzipaka rangi katika wiki ileile. Kufikia mwisho wa masika jikoni vilianza viota vitatu, barazani kimoja. Hicho kimoja kilikuwa shibiri mbili tu kutoka kwenye kiota bandia, kina vyumba vinne. Nilikiona kwa sababu ilikuwa Jumamosi, siku yangu ya kukagua, nikakiangusha nyigu mwenyewe akiwa mawindoni.