Jibini ngumu kwenye friji: lini ikatwe, lini itupwe

Doa la ukungu kwenye jibini ngumu halimaanishi kwamba kipande chote kimeoza. Vilevile kipande kisicho na doa hata moja kinaweza kuwa kimeshaharibika. Kinachoamua zaidi ni maji. Parmesani iliyokomaa ina maji asilimia 30 hivi, na cheddar inakaribia 40. Kwa ukavu huo, ukichanganya na chumvi na uchachu, ukungu hubaki karibu na uso. Mozzarella na ricotta, ambazo ni jibini laini, zina maji nusu au zaidi, mizizi ya ukungu husambaa ndani bila kuonekana, na hapo kisu hakiokoi kitu.

Kwa hiyo jua kwanza umenunua jibini ipi. Njombe hutengenezwa jibini za Kiitaliano, laini na zilizokomazwa, na dukani Iringa au Mbeya unaweza kuzikuta rafu moja. Ibonyeze kwa kidole gumba: ikibaki na shimo, si ngumu, nayo ikiota ukungu itupe yote.

Kama huoni ukungu, anza na pua. Fungua, acha kipande mezani dakika 10 hadi 15, maana baridi huficha harufu na jibini iliyofungiwa huwa kali mwanzoni. Harufu ikitulia, endelea. Ikibaki ya banda la kuku lisilosafishwa, hiyo ni amonia, protini inavunjika. Ikiwa ni ya mafuta yaliyochacha, nayo isiliwe. Lakini ukungu ukiwepo usisogeze pua: vumbi lake ni mbegu, na mwenye pumu au mzio litamsumbua.

Kisha kidole. Utelezi juu ya jibini ngumu ni bakteria, tupa. Matone ya mafuta ni joto tu, na pembe iliyokauka ikapasuka unaikata na kuendelea. Kifungashio kilichovimba wakati siku uliyonunua kilikuwa kimebana, kitupe bila kuonja: ndani kuna vijidudu vinavyotoa gesi.

Jibini nzuri nyingi hutupwa kwa sababu ya chembe nyeupe. Zile za ndani, zinazolia menoni, ni tirosini, asidi amino inayojitenga jibini inapokomaa. Utando mweupe juu ya cheddar mara nyingi ni lakteti ya kalsiamu, aina ya chumvi. Zote hazina madhara. Kuzitofautisha na ukungu, gusa kwa ncha ya kijiti: chembe ni ngumu na hukwaruza, ukungu una manyoya, hulala na kupaka.

Ukiwa ni ukungu kweli, kata sentimita 2.5 kuuzunguka na sentimita 2.5 kwenda chini, karibu upana wa kidole gumba. Usikwangue juu juu. Kisu kipite kwenye jibini safi tu, kisiguse doa, kwa sababu kikigusa unapanda mbegu kwenye uso mpya na baada ya siku chache utaukuta tena. Osha kisu na ubao kwa sabuni na maji ya moto, tupa karatasi ya zamani, funga kwa mpya. Kipande kikiwa kidogo kiasi kwamba baada ya vipimo hivyo hakibaki kitu, au ukungu umeingia kwenye nyufa, au umetapakaa pande zote, usihangaike nacho. Iliyokunwa na iliyokatwa vipande vyembamba haiokolewi kabisa. Mjamzito au mgonjwa mwenye kinga dhaifu asipewe kipande kilichookolewa.

Sasa suala la baridi. Juni na Julai kuna wanaozima friji huko Makete, Njombe na Mafinga. Usiku sawa, lakini mchana, jiko la mkaa likiwaka, joto la jikoni hupanda. Kupanda na kushuka huko hutoa jasho ndani ya kifungashio, na matone hayo ndiyo yanayolisha ukungu. Acha friji iwake, nyuzi 4 au chini kidogo. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hushika baridi kwa muda wa saa nne hivi. Jibini ngumu huvumilia hata zaidi. Laini na iliyokunwa zikikaa juu ya nyuzi 4 zaidi ya saa mbili, zitupe.

Kuhifadhi ni rahisi: karatasi ya kuokea kwanza, kisha kontena lisilobana sana, kwenye droo ya mboga, mbali na kitunguu na dagaa. Nailoni inayogusa jibini moja kwa moja huzuia unyevu kutoka. Andika tarehe ya kufungua. Wiki tatu hadi nne ni muda wa kawaida. Ikizidi mahitaji yako, igandishe ikiwa bado nzima, katika vipande vya gramu 200 hivi. Ikiyeyuka itamomonyoka, kwa hiyo itumie kwenye tambi, mayai au viazi vya kuoka.