Kukagua nyufa kwenye maungio ya mabawa ya ndege za kunyunyizia dawa

Ndege ya kunyunyizia dawa inachoka vibaya sana kuliko watu wanavyodhani. Inapaa imejaa, inarudi tupu, inajazwa tena, siku nzima hivyo hivyo, na kila mwisho wa shamba rubani anaivuta juu ageuze huku upepo wa chini unaipigapiga. Kila ikivutwa spari ya chini ya bawa, yaani boriti inayobeba bawa kwa urefu wake, inanyooka, ikitua inalegea, sasa hiyo nyoosha-legeza mara maelfu ndo inazaa ufa, na mara nyingi unaanzia ndani ya tundu la bolti pale bawa linapoungana na bodi, yaani umejificha chini ya kichwa cha bolti na washa kabisa.

Kwa hiyo kabla hujashika spana fungua logibuku. Tafuta masaa ya bawa lenyewe sio ya bodi, maana mabawa huwa yanahamishwa toka ndege moja kwenda nyingine na unaweza kukuta bodi changa imebeba bawa zee. Ndege aina ya Air Tractor na Thrush zina maagizo ya lazima ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kuhusu hizi spari, na masaa ya kukagua yanatofautiana kwa modeli na namba ya ndege, usikariri ya ndege ya jirani.

Halafu usikimbilie kuosha! Wengi wanaosha kwanza wanafuta ushahidi. Piga tochi kwa ulalo, tafuta michirizi myeusi kama masizi inayoanzia kwenye bolti au riveti ikaelekea nyuma, hiyo ni alumini inasagana, kuna kitu kinacheza hapo. Ukishaandika ulichoona ndo uoshe, dawa na mbolea zinaleta kutu na kutu ni mlango wa ufa.

Rangi itoe kwa dawa ya kutolea rangi, sio brashi ya waya wala msasa wa mashine, alumini ni laini inajipaka juu ya ufa ikauziba. Kisha puliza penetranti nyekundu, yaani rangi ya maji inayopenya ndani ya ufa, subiri dakika zilizoandikwa kwenye kopo, futa kwa kitambaa kikavu, malizia na kilicholoweshwa kidogo. Ukipulizia kisafishio moja kwa moja unaiosha mpaka iliyoingia kwenye ufa. Weka poda nyeupe ya kuivuta penetranti itoke, uvute subira: ufa unajitokeza kama uzi mwekundu mwembamba unaotokea ukingoni mwa tundu.

Ila penetranti inaona ufa uliofika juu tu. Ndani ya tundu ni edi karenti, yaani kipimo cha umeme kinachohisi ufa, na aliyefunzwa ndo aishike, kwanza aijaribu kwenye kipande cha chuma hicho hicho chenye mkwaruzo unaojulikana kina chake. Bawa likae kwenye jeki, toa bolti moja moja. Bolti ikigoma usitwange nyundo, bado inabeba uzito, rekebisha jeki kidogo itatoka yenyewe.

Ukikuta ufa ndege hairuki. Na ule ujanja wa kutoboa tundu mbele ya ufa ili usimame, kwenye spari sahau kabisa, andika uko wapi na una urefu gani umpigie mtengenezaji.

Kama ni safi rudisha bolti, nati mpya, kaza kwa kuzungusha nati sio kichwa cha bolti, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye manyuo, yaani kitabu cha maelekezo ya ndege, halafu chora mstari wa rangi toka kwenye nati mpaka kwenye chuma ili ikisogea anayekuja aione.