Somo: Kubadilisha injini iliyokufa kwenye brekidauni ya zamani

Somo hili ninaliandika kwa kutumia brekidauni (gari la kuvuta magari yaliyoharibika) aina ya Mitsubishi Fuso Canter ya miaka ya 1990 yenye injini ya 4D33, kwa sababu ndiyo ninayoifungua na kuifunga mara nyingi zaidi. Ina silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 4,214, na katika toleo lake la kawaida haina tabo wala kompyuta. Mwenye gari la aina nyingine atafuata mpangilio huuhuu, ila vipimo achukue kwenye kitabu cha injini yake.

Kabla ya kugusa spana, tafuta kilichoiua injini ya kwanza. Brekidauni haiishi kama lori la mizigo: inapanda mlima wa Kitonga kwa gia ndogo ikiwa na gari jingine nyuma yake, kisha inasimama kando ya barabara injini ikinguruma muda mrefu ili kuendesha winchi, bila upepo wa mwendo kupita kwenye rejeta. Saa hizo hazionekani kwenye kilomita za dashibodi. Nimeona injini nzuri ikifungwa mbele ya rejeta ileile iliyoziba, nayo ikafa kwa joto kama iliyotangulia, na mwenye gari akalipa mara mbili.

Hatua ya kwanza: hakikisha imekufa kweli. Weka gia huru, hakikisha PTO (kifaa kinachochukua nguvu kwenye gia boksi kuendesha pampu ya haidroli) imetoka, kisha zungusha puli ya krankishafti (shafti kuu ya injini) kwa spana. Ikigoma, usitangaze kwamba imekamata. Toa noozeli zote na ujaribu tena, kwa maana maji yaliyovuja juu ya pistoni huizuia injini kabisa, na hapo huenda unachohitaji ni gasketi na matengenezo ya silinda hedi tu. Kisha fungua oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Baada ya hapo kata filta ya oili, tandaza karatasi yake juani na upitishe sumaku: vinavyonata ni vya chuma, na vinavyobaki viking'aa kwa rangi ya shaba vimetoka kwenye beringi za krankishafti au za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankishafti). Filta hiyo itakueleza mengi kuliko dereva, ambaye aghalabu atasema gari lilizima ghafla tu.

Hatua ya pili: chagua injini ya kufunga. Injini ya mtumba usiinunue kwa kuisikiliza muuzaji. Niliwahi kuuziwa moja iliyooshwa ikapakwa rangi ya fedha, na nilipofungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) nikakuta tope jeusi limejaa mpaka kwenye chujio la pampu ya oili. Tangu siku hiyo siondoki dukani kabla sijazungusha injini kwa mkono, sijafungua sampu, na sijashusha kofia ya konrodi moja niione beringi yake. Linganisha pia na ile ya zamani sehemu hizi: umbo la sampu, nyumba ya klachi, flaiwili, mahali pa maunti (vishikizo vya injini), na stata ya volti 24. Kama breki zako zinategemea vakyumu, angalia kwamba altaneta ina pampu ya vakyumu nyuma yake. Ukiisahau, gari litawaka vizuri lakini halitasimama.

Hatua ya tatu: kuitoa. Simamisha gari mahali tambarare, weka vigingi, na ushushe mkono wa kunyanyulia hadi ukae kwenye stendi yake, kwa kuwa haidroli pekee haiaminiki kushikilia kitu ambacho mtu atafanya kazi chini yake. Nyanyua kabini na uifunge kwa pini yake ya usalama. Toa waya hasi wa betri kwanza, mwaga maji na oili, kisha piga picha za nyaya na mipira kwa simu na ubandike alama kwenye kila ncha. Propela shafti itoke, halafu gia boksi ishushwe kwa jeki.

Hapa ndipo brekidauni inapotofautiana na Canter nyingine. Pampu ya haidroli imefungwa kwenye PTO, ubavuni mwa gia boksi. Usikimbilie kukata mipira yake. Pampu ikifunguliwa kwenye PTO ikiwa na mipira yake na kuning'inizwa kwenye fremu kwa waya, mfumo wote wa haidroli unabaki umefungwa, na hutahangaika baadaye na hewa wala mchanga kwenye vali. Injini yenyewe ni mzigo wa kilo mia kadhaa. Tumia cheni bloku ya tani 1 au zaidi, na asiwepo mtu chini yake hata kwa dakika moja.

Hatua ya nne: kazi ya kufanya injini ikiwa chini. Badilisha sili ya nyuma ya krankishafti, klachi pleti, rilizi beringi, beringi ndogo iliyomo kwenye flaiwili, na raba za maunti. Sili hiyo ni ya bei ndogo, lakini ikivuja baada ya kufunga itakulazimu ushushe gia boksi tena. Peleka rejeta ikasafishwe kwa kufunguliwa, siyo kwa kumwagiwa maji juu. Osha tangi la dizeli. Kipoza oili cha injini iliyokufa usikihamishie kwenye injini mpya, kwani vipande vya chuma hujificha ndani yake na hakuna uoshaji unaovitoa vyote.

Na thamostati irudi mahali pake. Mafundi wengi huitoa wakiamini wanaisaidia injini ipoe. Katika injini nyingi thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

Hatua ya tano: kufunga na kuwasha. Gia boksi iingie kwa mkono mpaka nyuso mbili zigusane. Ikibaki nafasi, usiivute kwa bolti. Toa na uweke klachi pleti katikati upya. Jaza oili, vuta nyenzo ya kuzimia ili dizeli isipite, na zungusha kwa stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime. Kisha toa upepo: legeza skrubu ya filta, pampu kwa mkono mpaka povu liishe, halafu fanya hivyo kwenye pampu ya dizeli, na mwisho kwenye nati za noozeli. Ikishawaka, macho yawe kwenye presha ya oili. Isipopanda ndani ya sekunde 10, zima. Kwa kilomita 1,000 za mwanzo usivute gari zito.

Namba ya injini mpya haitalingana na iliyo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo tunza risiti ya ununuzi na upeleke taarifa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), au NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwa walio Kenya.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Gari langu lilikuwa na 4D32, nami nimepata 4D33. Itakaa?*

Marahaba. Hizo ni za ukoo mmoja. 4D32 ina ujazo wa 3,567. Mara nyingi hukaa, lakini pima flaiwili, maunti na uelekeo wa bomba la ekzosi kabla ya kulipa, na ujue kwamba ujazo ulioandikwa kwenye kadi nao utabadilika.

*Kwa nini nisiirekebishe ya zamani badala ya kununua ya mtumba?*

Ndugu, kama bloku haina ufa na krankishafti bado inaweza kuchongwa ndani ya kipimo kinachoruhusiwa, mimi ningeirekebisha, kwa sababu historia yake unaijua. Konrodi ikishatoboa bloku, tafuta nyingine.

*Nimefunga, inatoa moshi mweupe na haitaki kuwaka.*

Moshi mweupe injini ikiwa baridi ni dizeli inayofika bila kuungua. Kama ulitoa pampu ya dizeli, rudi kwenye alama za taiming kwanza. Kama hukuitoa, toa upepo upya, kisha pima kompresheni.

*Tangu nibadilishe injini, winchi inavuta polepole na pampu inalia.*

Kulia huko ni dalili ya hewa. Angalia kiasi cha oili ya haidroli na klipu za mpira wa kufyonzea, kwa kuwa mpira wa zamani ukishasogezwa hupata ufa mdogo unaoingiza hewa bila kuvuja nje. Mpira ukiwa salama, kagua kebo ya akseli inayotoka kwenye kifaa cha winchi. Huenda haikurudishwa kwenye nyenzo ya pampu ya dizeli, na injini inafanya kazi kwa mzunguko wa sailensa tu, yaani ule mdogo wa bila kukanyaga akseli.