Somo: Kushuka loki za mifereji ya Uingereza

Mliokodi mashua nyembamba msimu huu, kuishika siyo taabu. Kana (mkono wa usukani) ukiisukuma kushoto, omo, yaani mbele ya mashua, inakwenda kulia, kama jahazi. Shughuli iko kwenye loki, yaani vyumba vya maji vyenye malango vya kupandishia na kushushia mashua, na kushuka kuna hatari yake, kwa hiyo naeleza kushuka.

1. Funga mashua kando, mtu aende mbele na hendeli (mkono wa chuma wa kuzungushia). Chumba kikiwa kitupu na kuna mashua inapanda kutoka chini, ipishe kwanza. Kila loki nyembamba inakula kama lita 100,000. Maji hayo hayachezewi.

2. Hakikisha vilango vya chini (vizibo vya matundu ya kupitishia maji) vimefungwa, kisha zungusha hendeli ufungue vya juu. Usishindane na lango. Maji yasipolingana pande zote mbili hata watu kumi hawalisogezi; yakilingana, egemeza makalio kwenye boriti ya lango, linakwenda lenyewe.

3. Ingia taratibu. Upana ni mita 2 na kitu, mashua inaenea kama mguu kwenye kiatu.

4. Funga malango na vilango vya juu. Sasa tazama ukutani, kuna mstari mweupe. Nyuma yake, chini ya maji, pana kizingiti ambacho hukioni. Tezi, yaani nyuma ya mashua, ikikikalia maji yanaposhuka, nyuma inabaki juu na omo inazama. Kwa hiyo tezi ikae mbele ya mstari muda wote, na kamba isikazwe. Ikinasa, funga vilango vya chini papo hapo, halafu jaza tena kidogokidogo.

5. Fungua vya chini nusu nusu. Toka, funga ulivyofungua.

MASWALI

— Leseni ya kuendesha?
Wa kukodi hahitaji. Mwendo wa juu ni maili 4 kwa saa. Anayetembea kwa haraka kandokando anakupita. Mkikutana na mashua, shika kulia, siyo kushoto kama barabarani.

— Mbona walizibana loki hivyo?
Ubahili wa maji na fedha. James Brindley ndiye aliyejenga mfereji wa Bridgewater, ulioanza kupeleka makaa ya mawe Manchester mwaka 1761. Huo ni mpana. Alipopewa wa Trent na Mersey, wenye vilima na handaki refu, akazipunguza upana loki nyingi, na mashua zikafuata kipimo hicho. Farasi ndiye aliyezivuta. Njia yake ndiyo tunayotembelea leo.

— Caen Hill na watoto, tutaweza?
Hapo pana loki 29, na 16 kati ya hizo zimepangana mstari mmoja mlimani. Anzeni mapema, chai iwe kwenye chupa.