Kuifikia seva ya ofisi ukiwa nje: kufungua poti kwenye ruta

Juzi nilimsaidia mwenzangu aweze kufungua mafaili ya ofisini akiwa nyumbani. Tulianza saa kumi jioni tukijua ni kazi ya dakika kumi. Kosa tulilijua saa nne usiku.

Hatua ya 1. Ingia kwenye ruta, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Nenosiri la kiwandani libadilishe kwanza.

Hatua ya 2. Ipe seva anwani isiyohamahama, mfano 192.168.1.50. Ifunge kwenye ruta, sehemu ya DHCP (inayogawia vifaa anwani), kwa kutumia MAC ya seva, yaani namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao. Kuiandika ndani ya seva yenyewe sipendi. Siku ukibadilisha ruta, hutakumbuka.

Hatua ya 3. Hapa ndipo jioni yetu ilipoishia. Niliandika upya sheria ileile ya kufungua poti (mlango wenye namba ambao programu hupitia; iko Hatua ya 4) mara tano, nikazima ruta na kuiwasha, mwenzangu kasimama nje na simu mkononi: "Bado." Kumbe sheria haikuwa na kosa.

Soma anwani ya WAN (upande wa intaneti) kwenye ruta, kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Lazima zifanane. Yetu ilianza na 100.72, tovuti ikaonyesha nyingine kabisa. Anwani za 100.64 hadi 100.127 zimetengewa watoa huduma wanaorundika wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Mpango huo huitwa CGNAT. Ukiwa humo, fungua poti mpaka uchoke, kwa sababu mlango wa nje si wako. Dawa ni kuomba anwani ya umma, nasi ndivyo tulivyofanya kesho yake. Ukikuta 192.168, huenda ruta mbili zimefuatana: ile ya mtoa huduma iweke iwe daraja tu (bridge).

Tena, jaribu kwa data ya simu, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Ruta nyingine hazikubali uzunguke kutoka ndani, kwa anwani ya nje, kurudi ndani, utadhani kazi imeharibika.

Hatua ya 4. Elekeza poti 51820 ya aina ya UDP kwenda 192.168.1.50, nikichukulia WireGuard (programu ya VPN, yaani njia ya siri kupitia intaneti) umeshaisimika hapo. Poti 445 ya mafaili usiifungue kwa intaneti hata kwa dakika tano. Mafaili yapitie ndani ya WireGuard. UPnP nayo zima, sitaki kifaa kijifungulie poti bila kuniuliza.

Tovuti za kupima poti zitasema imefungwa. Zipuuze: WireGuard haimjibu asiye na ufunguo sahihi. Tazama kwenye programu ya simu kama muda wa kupeana mkono (handshake) umeonekana; ukionekana, mmeunganishwa.